Wafalme wa Darasa la Tano

Jumatatu, 4 Machi

Mkuu wa shule amerudi kutoka semina. Nilijua mambo yameharibika tangu nilipomwona akivuka uwanja na kimkoba kipya, maana mtu huyu hawezi kwenda semina akarudi na akili yake mwenyewe. Tukaitwa wote chumba cha walimu. Akasimama, akanyoosha koti, akatangaza kwamba historia ya Zama za Kati haitafundishwa tena kama ilivyokuwa ikifundishwa.

"Yaani kama ninavyoifundisha mimi," nikasema.

"Usilichukulie hivyo, Mwalimu. Ni mbinu mpya tu. Kwa nini tuwachoshe watoto kwa miaka na mikataba? Wape watu! Wasifu mfupi mfupi. Mtoto anambeba mtu wake muhula mzima, anamjua kama anavyomjua mjomba wake. Katikati ya muhula tunafanya Siku ya Mashujaa, Ofisa Elimu akiwa mgeni rasmi."

Hapo kwenye mgeni rasmi ndipo macho yake yalipong'aa. Akanipa orodha ya watu kumi na wawili: wafalme, majemadari, malkia wawili na msafiri mmoja. Mimi nimefundisha historia tangu huyu bwana anavaa kaptula. Miaka elfu moja ya dunia, watu wanalima, wanahama, wanauza chumvi, wanakufa kwa njaa na tauni, yeye ameikunja yote ikaenea ndani ya kofia kumi na mbili. Nikamwuliza kwa nini hamna hata mkulima mmoja.

"Mkulima atavaa nini, Mwalimu?"

Wenzangu wakacheka. Hao wangecheka hata kama angepiga chafya.

Jumanne, 5 Machi

Mvua imeanza. Bati la darasa la tano linavuja palepale lilipovuja mwaka jana.

Ijumaa, 8 Machi

Nimegawa watu leo, na watu wenyewe wamegombaniwa kama nguo za mtumba. Mkuu kwenye hesabu zake alisahau kwamba darasa lina watoto zaidi ya thelathini. Nilipomwambia, akajibu bila haya kwamba wasiopata mtu watakuwa wapambe, washike mikuki ya makaratasi.

Mfalme tajiri kuliko wote, yule aliyekwenda kuhiji na msafara wa dhahabu akaigawa njiani mpaka ikashuka thamani, amechukuliwa na mtoto mmoja mwenye kichwa kikubwa na pengo mbele, ambaye hunyoosha mkono kabla sijauliza swali. Hakusubiri kupewa. Alisimama juu ya dawati akasema, "Mimi! Mimi nina sura ya dhahabu!" Tangu dakika hiyo darasa zima linamwita Mfalme wa Dhahabu, na yeye anaitika.

Kisha kuna msichana wa dawati la mbele ninayemwita Swali. Nilimpa malkia aliyeanza maisha utumwani akaishia kutawala nchi. Mtoto mwingine angeruka kwa furaha.

"Mwalimu, simtaki malkia."

"Kwa nini?"

"Akishatawala anakaa tu."

"Hakukaa tu. Soma ukurasa."

"Na ile dhahabu ya mfalme ilibebwa na nani?"

"Na watumishi."

"Wao nao wana ukurasa?"

"Hawana. Hakuna aliyewaandika. Kaa chini."

Akakaa, lakini kwa namna ya mtu anayesimama. Watoto wa siku hizi hawana adabu ya kuchoka.

Jumanne, 12 Machi

Dada yangu ni mshonaji, na tunaishi pamoja tangu mumewe alipofariki. Cherehani iko chini ya dirisha la sebuleni na vipande vya nyuzi navikuta mpaka kwenye chai. Leo Mkuu amepita kumletea kazi: majoho na mataji kwa ajili ya Siku ya Mashujaa, yashonwe kwa mapazia ya zamani ya ukumbi.

"Mfalme wa enzi hizo alivaa shingo ya duara au ya mkato?" Dada akaniuliza, pini mdomoni.

"Shona mfuko, utoboe matundu ya mikono. Hakuna atakayejua."

"Mimi nitajua. Wewe si ndiye mwalimu wa mambo hayo?"

"Mimi ni mwalimu wa historia, Dada. Hayo ni maigizo."

"Mdogo wangu, kwa mdomo huo ungeolewa asubuhi ukaachwa kabla ya chakula cha mchana."

Ameshona mpaka macho yamekuwa mekundu. Anafurahi. Sijui watu hupata wapi furaha ya bure namna hii.

Alhamisi, 14 Machi

Mwalimu mpya wa sayansi, kijana niliyembandika jina la Mradi kwa sababu hamalizi sentensi bila neno hilo, ameniomba tufanye mradi wa pamoja kuhusu tauni na usafi. Nikamjibu kwamba mradi wangu ni kunywa chai. Akacheka, akanishukuru. Hilo ndilo linaloniudhi kwake, hata ukimtukana anashukuru.

Jumanne, 19 Machi

Nimempa Swali mtu mwingine. Sikumpa kwa wema, nimempa ili kumkomoa Mkuu.

Nimemwandikia bawabu wa lango la mji wa bandari, wakati wa tauni. Nimewaambia watoto waziwazi kwamba jina lake silijui na kwamba nimemuunga kutokana na mambo yaliyotokea katika miji mingi. Alifungua lango alfajiri, akalifunga jua likizama. Siku moja zikaja habari kwamba mabaharia wa jahazi lililotia nanga wanatoka majipu. Bawabu akawaambia wakubwa wa mji. Wakubwa walikuwa na shehena zao ndani ya jahazi hilo. Wakamwamuru afungue na afunge mdomo. Tauni ikaingia kwa kupitia lango lake. Waliobaki hai, baada ya miaka mingi, ndipo wakaweka sheria kwamba vyombo visubiri nje siku arobaini.

Nilipomaliza, hakuna aliyekohoa. Nimefundisha mikataba ya biashara kwa miaka yote hii wakanisinzia usoni, leo kwa sababu ya majipu wametulia kama maji mtungini. Mfalme wa Dhahabu akauliza kama tauni inaweza kumpata mfalme. Nikamwambia inaweza. Akasema, "Hata akiwa na dhahabu yote ile?" Nikamwambia hata akiwa nayo. Akachukia kabisa, akageukia ukutani mpaka kengele.

Ijumaa, 22 Machi

Mvua siku ya tano bila kupumua. Shimo la choo cha wavulana limefurika, na ule uchafu umeteremka hadi kwenye tangi la chini, lile linalolisha bomba la uwanjani. Wakati wa mapumziko nilipita hapo, bomba likiwa wazi, nikasikia harufu. Mradi alikuwa amechuchumaa na chupa mkononi, suruali imelowa mpaka magotini.

"Mama, maji haya hayafai. Nimemwambia Mkuu alifunge."

"Akasemaje?"

"Amesema fundi ataitwa baada ya Siku ya Mashujaa. Pesa yote imekwenda kwenye jukwaa."

Nikatikisa kichwa, nikaenda darasani. Mimi chai yangu naibeba kutoka nyumbani.

Jumanne, 26 Machi

Watoro wanne. Mazoezi ya kukariri yamewashinda, wamejificha nyuma ya matumbo yao. Kila mmoja kaleta habari ileile kupitia kwa mdogo wake: tumbo. Hata uongo siku hizi hawautungi wenyewe.

Alhamisi, 28 Machi

Watoro tisa. Malkia wote wawili hawapo.

Jumanne, 2 Aprili

Kikao. Mkuu alifunga mlango mwenyewe.

Mradi alikuwa amepeleka ile chupa yake kituo cha afya bila ruhusa, na majibu yametoka. Akayasema kwa sauti ndogo, neno moja: kipindupindu. Mkuu akapiga meza kwa kiganja.

"Neno hilo lisitoke nje ya geti hili! Mnanisikia? Ni tumbo la mvua, kila mwaka lipo. Ofisa anakuja wiki ijayo. Mnataka aje akute shule imefungwa? Mnajua watu wangapi wanakitaka kiti hiki?"

"Mkuu, sheria inataka tutoe taarifa," Mradi akasema.

"Sheria! Wewe una miezi mingapi kazini, kijana? Chupa yako uliijaza nini? Maji ya bafuni kwako, tunajuaje?"

Nikawatazama wenzangu mmoja mmoja. Mwalimu wa hesabu alikuwa anachunguza kucha zake kana kwamba jibu limeandikwa huko. Mwalimu wa muziki alisema labda tuwaambie watoto waje na maji yao, lakini tusiwaambie sababu. Wakatikisa vichwa, wakaona wamepata hekima. Nimewahi kudharau watu, lakini dharau ya leo ilikuwa na uzito wa kushikika mkononi.

Na mimi nilisema nini? Sikusema kitu. Niliunganisha vidole vyangu mapajani kama mgeni.

Jumatano, 3 Aprili

Swali amemsema bawabu wake leo, bila karatasi, mikono nyuma. Alipofika pale wakubwa wanapomwamuru afungue lango, akanyamaza. Nikadhani amesahau.

"Endelea."

"Mwalimu, wale wakubwa walificha kwa sababu ya shehena?"

"Ndiyo. Nimekwisha sema."

"Na sisi tunafichwa kwa sababu ya mgeni rasmi?"

Nikamwuliza ametoa wapi maneno hayo. Akasema bibi yake ndiye anayefagia kituo cha afya, na huko kila mtu anajua. Kisha akasema, "Bibi ananikataza kunywa maji ya bomba. Lakini jana nilikuwa na kiu."

Mwalimu aliyekula chumvi kama mimi, nikamwambia, "Kaa chini."

Mchana kulikuwa na mazoezi jukwaani. Mfalme wa Dhahabu alikuwa katikati ya msafara wake, amevaa joho la Dada linaloburuza, anagawa dhahabu ya karatasi kushoto na kulia. Alikuwa anafanya vizuri, nakiri. Sauti yake ilikuwa imepata ukubwa wa kichwa chake. Ghafla akasimama, akashika tumbo, akatapika juu ya joho. Akajaribu kuendelea. Alisema sentensi nyingine nzima kabla hajaanguka.

"Mwondoeni, ataharibu rangi ya jukwaa," Mkuu akasema.

Mradi akaruka jukwaani, akamvua taji, akambeba mgongoni, akatoka naye mbio kwenye mvua. Viatu vyake vilibaki kwenye matope. Hakurudi kuvichukua.

Alhamisi, 4 Aprili

Nitaandika kila kitu, maana kesho kila mtu atakuwa na lake.

Nilifika kabla ya mwalimu yeyote. Nilikwenda kwanza kwenye tangi, nikazungusha valvu kwa mikono miwili mpaka ikagoma. Kisha nikaenda getini. Mlinzi wetu, mzee mnene ambaye sijawahi kumwona akiwa macho baada ya saa tatu, alikuwa ndani ya kibanda chake.

"Mzee, funga geti."

"Watoto je, Mwalimu?"

"Ndio nataka uwafungie."

Akanitazama kwa jicho moja. Sikumsubiri, nilisimama mwenyewe kwenye nafasi ya geti, mwavuli umegeuka kwa upepo, nikawarudisha. Wa kwanza walifurahi wakakimbia. Wazazi ndio walionipa kazi. Baba mmoja mwenye pikipiki alinifokea kwamba amechelewa kazini, atamwacha wapi mtoto. Nikamwambia, "Maji ya shule yana kipindupindu. Mrudishe nyumbani, umchemshie ya kunywa, na umwambie jirani yako." Neno likapita foleni yote kwa kasi kuliko pikipiki yake.

Mkuu alifika akiwa na ile tai yake ya wageni.

"Mwalimu, umechanganyikiwa?"

"Mimi nimechelewa. Kuchanganyikiwa bado."

"Toka hapo. Nakuamuru."

"Sitoki."

"Umebakiza miaka mingapi ustaafu, Mama? Unataka kuitupa kwenye matope kwa sababu ya tumbo la mvua?" Sauti ikashuka, ikawa laini kama mafuta. "Tuzungumze ofisini. Wewe na mimi ni watu wazima."

"Mtoto aliyetapika jana yuko wapi, Mkuu?"

"Nyumbani kwao, nadhani."

"Unadhani."

Akamgeukia mlinzi. "Mzee! Mwondoe huyu mama, fungua geti."

Mlinzi akatoka kibandani polepole, amejifunika gunia kichwani. Akasogea mpaka karibu yangu, nikajiandaa kuvutwa. Akasema, "Mkuu, mimi nina mjukuu darasa la pili." Akavuta bawa la pili la geti, akatia kufuli, akarudi kibandani, akakaa.

Mradi akatokea upande wa barabara, peku, macho mekundu. Alikuwa anatoka hospitali. Akanipita, akamsogelea Mkuu, akasema, bila kunishukuru mimi wala mtu yeyote, "Amewekewa dripu nne na bado mikono yake ni baridi."

Jioni bibi yake Swali ametuma mtu. Swali naye amelazwa.

Ijumaa, 5 Aprili

Watu wa afya wamekuja na mabomba ya dawa. Wameifunga shule. Mkuu akazunguka nao akionyesha tangi kwa kidole kana kwamba ndiye aliyelichimba. Redioni mchana tumemsikia: "Mara tu tulipopata mashaka, uongozi wangu ulichukua hatua ya kufunga geti."

Dada akazima redio. "Si wewe uliyefunga?"

"Aliyefunga ni mlinzi," nikamwambia.

Jumamosi, 6 Aprili

Mfalme wa Dhahabu amefariki alfajiri. Alikuwa na miaka kumi.

Jumanne, 9 Aprili

Nimekwenda wodini. Vitanda viwili viwili vimeunganishwa, na harufu ya klorini inakata pua. Swali amekuwa mdogo, macho tu. Bibi yake alikuwa anamnywesha maji ya chumvi na sukari kwa kijiko, hakusimama nilipoingia.

"Ndiwe mwalimu wake?"

"Ndimi, Bibi."

"Mlijua lini?"

Ningeweza kusema tarehe pili, siku ya kikao. Walimu wote wameafikiana kusema hivyo. Mwanamke yule alikuwa ameninyooshea kijiko kama anayeniamuru nifungue mdomo.

"Mimi nilisikia harufu tarehe ishirini na mbili."

Akahesabu siku kwa vidole. "Na wewe ulikuwa unakunywa nini?"

"Chai ya nyumbani."

Akamgeukia mtoto, akaendelea na kijiko. Hakunifukuza. Ningefurahi kufukuzwa.

Swali akaniuliza, kwa sauti isiyofika upande wa pili wa kitanda, kama bawabu alikufa na ile tauni. Nikamwambia sijui, nimemuunga mwenyewe, hayumo kwenye vitabu. "Basi asife," akasema. Nikataka kumweleza kwamba historia haifanywi hivyo. Nikamwambia sawa, hafi.

Jumatatu, 15 Aprili

Mkuu ametuita ofisini, mimi na Mradi. Ana wazo. Siku ya Mashujaa isogezwe ifanyike shule ikifunguliwa, "kwa heshima ya marehemu". Picha yake itawekwa jukwaani na nafasi ya Mfalme wa Dhahabu atapewa mwingine, "ili onyesho lisiwe na pengo".

Nimekwishaona watu wabaya katika vitabu. Walikuwa na ukubwa fulani. Waliteketeza miji. Huyu ubaya wake unaenea kwenye kimkoba cha semina. Nikamwambia majoho yote Dada ameyachoma, jambo ambalo si kweli, alichoma moja. Mradi akasema hatashiriki. Akasema "hapana" tu, bila mradi wowote ndani yake. Nimeanza kumsikiliza kijana huyu.

Jumatatu, 29 Aprili

Tumefungua. Bomba jipya, tangi jipya, bango jipya la "Nawa Mikono". Mkuu hayupo: amepandishwa cheo, yuko ofisi ya wilaya, msaidizi wa Ofisa Elimu. Habari hiyo tuliambiwa tuipigie makofi. Mradi amepewa onyo kali kwa kuchukua sampuli bila kibali. Mimi nimestaafishwa kwa manufaa ya umma, kuanzia mwisho wa muhula. Umma wenyewe haukuulizwa.

Swali amerudi, amekonda. Dawati la pembeni la Mfalme wa Dhahabu hakuna aliyelikalia, ingawa darasa lina uhaba wa madawati.

Jumatano, 8 Mei

Mvua nyepesi. Watoto wamesema wasifu wa msafiri. Hovyo kabisa, wamemchanganya na jemadari.

Jumanne, 14 Mei

Jana nilikaa kuandika ukurasa mmoja juu ya Mfalme wa Dhahabu, kama zile nilizowagawia. Nilimfundisha miaka miwili. Nikaandika kichwa kikubwa na pengo, nikakwama. Naweza kuandika kwa kirefu juu ya wafalme waliokufa kabla bibi wa bibi yangu hajazaliwa, na juu ya mtoto aliyekaa mita tatu kutoka ubao wangu sina sentensi ya tatu.

Leo nimekwenda kwa mama yake. Anauza viatu vya mtumba, chumba kimoja, viatu vimepangwa ukutani hadi darini. Nilitegemea matusi. Akanipa kigoda.

"Wewe ndiwe uliyesimama getini."

"Nilichelewa kusimama, Mama."

"Ulichelewa," akasema. Hakulitia sukari.

Nikamwuliza mtoto alizaliwa wapi. Akanishangaa, kisha akaanza kusema, na alipoanza hakuweza kuacha. Alicheka mara mbili. Nilipotaka kuondoka akanivuta kanga, akasema nimesahau kuandika jinsi mtoto alivyokuwa akimpigia hesabu za chenji na kumkosea kila siku kwa makusudi, ili arudi kuhesabu tena, apate kukaa naye zaidi.

Ijumaa, 31 Mei

Siku ya kufunga muhula. Jukwaa, turubai, viti vya wazazi, na mvua ya kumalizia. Mgeni rasmi hakuja, akamtuma msaidizi wake, yaani bwana wetu wa zamani, tai ileile. Amekuja kuaga wastaafu kwa niaba ya wilaya. Mimi ndimi wastaafu.

Akanisifu kwa dakika nyingi. "Mama yetu, hazina yetu, msimamo wake ulitusaidia sana katika kipindi kile kigumu." Nikapewa blanketi lililofungwa kwa utepe. Nikaombwa nitoe neno moja la shukrani.

Nikafungua karatasi yangu, nikasema kwamba tumeagizwa kufundisha historia kwa wasifu mfupi, na mimi kabla sijaondoka sina budi kutii agizo. Nikasoma:

"Alizaliwa nyumbani, kabla mkunga hajafika. Alichelewa kutembea, akawahi kusema. Aliogopa giza, akadai ni dada yake anayeogopa. Alikusanya kamba za viatu vilivyokosa wenzao. Kuzidisha kwa saba kulimshinda. Kwa hesabu za chenji alijifanya mjinga ili akae na mama yake. Darasa la tano alijichagulia ufalme, akaubeba vizuri kuliko alivyofundishwa. Wiki ya mazoezi alikunywa maji ya bomba la shule hii, kwa kuwa koo lilimkauka kwa kukariri. Maji hayo yalijulikana kuwa machafu tangu tarehe ishirini na mbili Machi. Waliojua ni mwalimu wa sayansi, aliyesema, mimi, niliyenyamaza, na mkuu wa shule..."

"Mwalimu!" Alikuwa amesimama, kicheko kimemgandia usoni. "Mwalimu, tunakuheshimu, lakini hapa si mahali pake. Wazazi wana uchungu. Naomba kipaza sauti."

Akanyoosha mkono. Mwalimu wa muziki, ambaye ndiye mshika mitambo, alikuwa tayari anainuka kuzima. Hapo mama wa mtoto akasimama, nyuma kabisa, chini ya ukingo wa turubai unaodondosha maji.

"Mwacheni amalize," akasema. "Huyo ni wangu."

Hakupaza sauti. Mwalimu wa muziki akakaa. Bwana mkubwa akaubakiza mkono hewani, akautazama kana kwamba ni wa mtu mwingine, akaurudisha mfukoni. Nikamaliza:

"...na mkuu wa shule, aliyeambiwa siku hiyohiyo, akachagua jukwaa. Mfalme alifariki tarehe sita Aprili. Alikuwa na miaka kumi."

Hakuna aliyepiga makofi. Bwana mkubwa alikuwa na hotuba ya kufunga. Ratiba ilisema hivyo. Alikwenda mpaka kipaza sauti, akatazama wale wazazi, nao wakamtazama, wote. Akasema, "Asanteni kwa kufika." Gari lake liliondoka kabla chai haijamiminwa. Sina ndoto: cheo chake kitamsubiri ofisini Jumatatu. Lakini kwenye mji huu, kila atakapopita, kuna watu watakaojua walichosikia.

Nilikuwa nimefika kwenye baraza la darasa, nachukua mwavuli wangu, wakanizunguka. Swali ndiye aliyetangulia.

"Mwalimu, umekosea. Kamba za viatu hakukusanya tu. Alizifunga zikawa kamba moja ndefu. Alitaka ifike kutoka kwao mpaka shule."

"Haikuwa ya shule, ilikuwa ya kufika kwa shangazi yake," mwingine akadakia.

"Shule!"

"Shangazi! Nilimsaidia kufunga!"

"Na alikuwa anaweza kupiga mluzi kwa pengo. Hujaandika mluzi."

Wakaanza kusukumana na kukanushana, kila mmoja ana ushahidi, hakuna anayemwachia mwenziwe amalize. Wanabishana kama wanahistoria wa kweli, yaani bila aibu na bila heshima kwa mkubwa. Nikawaambia wanyamaze. Hawakunyamaza. Nikawaambia waseme mmoja mmoja. Wakasema wote. Nikaweka blanketi la wilaya chini kwenye saruji iliyolowa, nikalikalia, nikatoa kalamu.